Kofia ya Viua na Macho ya Mzee

Mshonaji wa kofia za viua afikapo kliniki akasema kuwa macho yamemwisha, mhudumu asiharakishe kumjibu kwamba huo ni uzee, apumzike. Kushona viua ni kutoboa matundu madogo katika kitambaa na kuyazungushia uzi, kazi ya wiki nyingi kwa kofia moja. Kwa baadhi ya wazee wa Unguja na Lamu hiyo ndiyo fedha ya mkononi, na ndiyo sababu ya kuketi barazani na wenzao.

Ipitapo miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu, na vitu vya karibu huonekana kwa ukungu. Huo si upofu. Miwani ya kusomea, ambayo bei yake si kubwa, yaweza kumrudishia mzee tundu la sindano. Lakini macho yachunguzwe kwanza: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, ilhali uoni ulioharibiwa na presha ya jicho haurudi.

Vidole navyo vina habari yake. Gegedu ya shina la kidole gumba ikilika, kubana sindano huuma. Mzee aloweke mikono katika maji ya uvuguvugu, avae kastabini, ashone kwa vipindi vifupi, na mjukuu amtungie uzi. Mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimekufa ganzi avikague kila amalizapo kushona, kwani huenda amejichoma pasipo kuhisi.