SOMO LA REDIO: KIINI CHA ATOMU KILIJULIKANAJE?

 

Tangu ilipojulikana kwamba iko urani katika udongo wa Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mkoani mwetu Ruvuma, neno atomu halitoki vinywani mwa watu. Mzee mmoja wa darasa la Mbinga aliniuliza, "Bwana Elimu, atomu haionekani kwa macho. Basi nani aliyeingia ndani akakiona kiini chake?"

Hakuna aliyeingia, Mzee wangu. Walirusha mawe gizani.

Mfikirini mvuvi ndani ya mtumbwi, usiku wa giza, karibu na mwamba wa Pomonda pale Liuli. Haoni kitu. Anarusha kijiwe: chubwi! Kimezama. Cha pili, chubwi! Cha kumi, ko! nacho chamrudia. Mwamba hakuuona, lakini amekwisha kujua upo, tena upande gani.

Ndivyo ilivyofanyika mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1909. Mkubwa wa kazi alikuwa Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand. Wasaidizi wake walikuwa Hans Geiger na Ernest Marsden, kijana wa miaka 20, naye alikuwa mwanafunzi bado, kama ninyi. Vijiwe vyao vilikuwa chembe za alfa, ambazo huruka zenyewe kwa kasi kubwa kutoka katika vitu vya jamii ya urani. Walizielekeza kwenye dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Kando waliweka kioo kilichopakwa dawa; kila chembe ilipokigonga, nukta ya mwanga ilimetameta. Walikaa gizani mpaka macho yakazoea, kisha wakazihesabu nukta moja moja kwa hadubini. Kazi ya kuchosha kweli!

Wakati ule wataalamu walidhani atomu ni kama donge la ugali lenye maharagwe ndani. Ugali ni umeme chanya ulioenea kote. Maharagwe ni elektroni. Donge la namna hiyo haliwezi kurudisha chembe yenye kasi. Na kweli, karibu zote zilipita. Lakini chache zilirudi nyuma! Walipotumia madini ya platinamu, ilirudi kama 1 katika kila 8,000.

Rutherford alistaajabu, akawaza, akapiga hesabu. Mwaka 1911 akatoa jibu. Chembe ya alfa ina umeme chanya, na umeme wa namna moja husukumana. Ukitawanyika, msukumo wake ni hafifu. Ukikusanyika mahali padogo, waweza kuirudisha chembe ilikotoka. Basi umeme chanya wa atomu, na karibu uzito wake wote, umo katikati, mahali pembamba kuliko atomu mara maelfu. Hapo ndipo kiini. Sehemu nyingine zote za atomu ni kama tupu.

Kazi ya darasa: Mmoja aweke jiwe chini ya ungo ulioinuliwa kidogo kwa vijiti, wengine wasione. Viringisheni gololi kutoka kila upande, mtazame zinapotokea. Choreni chini mahali jiwe lilipo, ndipo mfunue ungo.