Kabla hujaweka sabufa kwa Vitz yako, uliza fyuzi iko wapi

Ukisimama steji ya 46 Kawangware jioni, unajua matatu inakuja kabla hujaiona. Besi inafika kwanza, taa baadaye. Pale Olympic, Kibera, mambo ni yale yale na magari ya namba 8. Sisi tumelelewa na hiyo sauti. Ndio maana siku unapata kagari kako ka kwanza, redio iliyotoka nako Japani inakuboesha kabla hata hujamaliza mafuta ya kwanza.

Mimi na beshte yangu wa Kawangware tulishikwa na huo ugonjwa. Yeye anaendesha Vitz ya teksi, na bado anailipia mkopo. Tukachanga pesa, tukanunua sabufa na amplifaya za mtumba, tukampelekea fundi. "Nimefunga mathree nyingi," akatuambia. Tukatulia.

Wiki moja baadaye tukiwa Ngong Road, tukasikia harufu ya plastiki ikiungua. Kuinua zulia, waya umelainika kama chapati moto. Fyuzi? Hakuna. Teksi ililala siku nne, na unajua mkopo haulali.

Kosa lilikuwa la hesabu. Minibasi nyingi za Isuzu hutumia umeme wa volti 24. Vitz ni volti 12. Amplifaya ikivuta wati 480 kwenye volti 24, hizo ni ampea 20. Kwenye volti 12, wati hizo hizo ni ampea 40. Kwa hivyo waya unaotosha mathree unaweza kuchoma Vitz.

Sasa wewe fanya hivi.

Waya wa amplifaya uwe wa shaba, mnene, na utoke moja kwa moja kwa betri. Usikubali uungwe kwa waya za redio. Fyuzi ikae karibu na betri, isipite nusu mita, na ampea zake zisizidi zile waya unaweza kubeba. Waya wa hasi ufungwe kwa chuma cha bodi, rangi ikiwa imekwanguliwa.

Redio ya kiwandani usiitupe. Nyingi hazina mahali pa kuchomeka amplifaya, lakini amplifaya nyingi hupokea sauti kutoka kwa waya za spika za nyuma. Kama yako haipokei, kuna kiboksi kidogo cha kubadilisha hiyo sauti. Ni nafuu kuliko redio mpya.

Halafu kale kanobu kameandikwa GAIN si volyumu. Kanalinganisha amplifaya na redio tu. Ukisikia besi inakwaruza, rudisha nyuma, la sivyo utaunguza sabufa.

Na masikio je? Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, unabaki na saa 4 pekee. Dereva wa teksi anazimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Beshte yangu alifunga upya, waya mnene na fyuzi yake. Besi iko, gari liko, mkopo unalipika. Wewe kabla hujatoa pesa, muulize fundi: fyuzi utaiweka wapi? Akicheka, chukua ufunguo wako uende.