Fort Jesus: Bustani Iliyokuwa Ua wa Jela

Wengi wetu hapa Mombasa hupita mbele ya lango la Fort Jesus kila siku, tukielekea Mji wa Kale au tukitoka huko, na hatuingii. Mara ya mwisho tuliingia tukiwa wanafunzi wa shule ya msingi, tumepangwa foleni na mwalimu. Tukiulizwa, tunasema pale ni pa watalii. Hasara ni yetu.

Ukishalipa kiingilio, unapita lango kuu na ujia wake wenye kivuli, kisha unatokea uani. Honi na tuktuk zinabaki nyuma ya kuta nene za mawe ya matumbawe. Mbele yako kuna nyasi, miti, mizinga mikuukuu, mifupa ya nyangumi na upepo wa bahari. Asubuhi mapema, kabla makundi ya wageni hayajafika, unaweza kukaa kivulini nusu saa nzima usisikie ila kunguru.

Utulivu huo ni wa juzi tu. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593. Waomani waliitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Baadaye wakaitawala Mazrui, kisha wakakaa humo askari wa Mabusaidi wa Zanzibar. Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya jela ya serikali, na kwa zaidi ya miaka 60 aliyekanyaga ua huu alikuwa mfungwa au askari wa kumlinda.

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa na ngome ikatangazwa eneo la kumbukumbu ya kitaifa. Majengo ya jela yakabomolewa, na mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuchimba, akisaidiwa na fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Kwa hivyo uwazi huu unaotupa raha leo umetokana na kuvunjwa kwa jela. Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Uani humo pia pamebaki misingi ya kanisa la Wareno, na hapo pana jambo linalogusa lugha yetu. Kanisa kwa Kireno ni igreja. Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba neno letu "gereza" limetokana na neno hilo. Kwanza gereza lilikuwa jina la ngome, na ngome zilipofanywa mahali pa kufungia watu, jina likahamia kwenye jela. Si Mombasa peke yake: ngome ya Lamu, iliyo katikati ya mji, nayo ilikuwa jela hadi mwaka 1984. Kila tunapotaja gereza, basi, huenda tunalitaja kanisa la Wareno bila kujua.

Lakini kuna kitu misingi ile haisemi. Habari za makapteni wa Kireno na maliwali wa Kiomani zimeandikwa vitabuni. Habari za mtu wa kawaida aliyelala humo miaka ya 1940, labda kwa deni la kodi au kwa kosa la sokoni, ziko midomoni mwa wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 jela ilipofungwa mwaka 1958, leo amepita 80. Kila mzee tunayemzika huenda anaondoka na kipande cha historia ya ua ule, na hakuna mchimbaji atakayekifukua.

Kwa hivyo nenda, lakini usiende peke yako. Beba kitambulisho, maana Mkenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Mchukue babu au bibi, mwende polepole, mtafute mahali penye kivuli. Mwache apumzike kwanza. Kisha muulize: katika mtaa wetu, nani aliwahi kufungwa humu? Alikosa nini? Nani alikuwa akimpelekea habari za nyumbani? Washa simu urekodi, umwache azungumze hadi amalize.