Kujithamini na Imani ya Kuweza

Katika saikolojia, kujithamini na imani ya mtu katika uwezo wake ni mambo mawili yanayokaribiana lakini yasiyofanana. Kujithamini ni namna mtu anavyoipima nafsi yake kwa jumla na kuona kwamba anastahili heshima, jambo ambalo Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, alilitungia mwaka 1965 kipimo cha kauli 10 kinachotumika hadi leo. Imani ya kuweza, kwa upande wake, huhusu kazi mahususi, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kujiona mtu wa maana kabisa na papo hapo akaamini kwamba hesabu za sehemu hazimwingii.

Dhana hii ya pili ilifafanuliwa mwaka 1977 na Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye pamoja na wenzake aliwatibu watu wazima waliowahofu nyoka kupita kiasi. Mtaalamu alimshika kwanza nyoka asiye na madhara mbele ya mwenye hofu, kisha mwenye hofu akasaidiwa kumgusa, kumshika na hatimaye kumwacha atambae mapajani mwake, hatua moja baada ya nyingine, hadi mikono yake mwenyewe ikamthibitishia kwamba anaweza.

Bandura alitaja chemchemi nne za imani hiyo: mtu kufaulu kwa juhudi zake, kumwona mwenzake wa kiwango chake akifaulu, kutiwa moyo na wale anaowaamini, na namna anavyoifasiri hali ya mwili wake, kama vile moyo unapomdunda kabla ya mtihani. Chemchemi ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake, baada ya kupitia tafiti nyingi, hawakuona kwamba kumwongezea mwanafunzi kujithamini peke yake humfanya afaulu zaidi darasani. Kwa hiyo mtoto apewe heshima ya utu wake bila sharti la alama, lakini asivishwe kilemba cha ukoka kwa kazi asiyoiweza. Anayeshindwa kujumlisha nusu na robo apewe chungwa alikate vipande vinne sawa, avihesabu kwa kidole, ndipo aandike jibu daftarini, na kesho yake aongezewe hesabu iliyo ngumu kidogo kuliko ya jana.