Kuku Nusu Kanga? Cheki Hizi Dalili Kabla Utoe Doo

Wasee wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ukiletewa ndege uambiwe ni "mix" ya kuku na kanga, tulia kwanza.

Mix ipo kweli, mara nyingi jogoo akimpanda kanga jike, lakini ni nadra sana. Madoadoa pekee si ushahidi, kuku kibao wanayo. Shingo tupu pia si ushahidi, huyo ni kishingo tu.

Cheki kichwa. Kanga ana pembe utosini, kuku ana upanga mwekundu. Mix kwa kawaida hana pembe wala upanga.

Uliza yai lilitagwa na nani. Wengi huwekea kuku mayai ya kanga ayaatamie. Ya kuku huanguliwa siku 21, ya kanga 26 hadi 28. Kifaranga akimfuata mama kuku bado ni kanga safi.

Noma iko hapa: mix ni tasa, kama nyumbu. Ukimnunua uzalishe, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na kanga ni ndege wa porini, kumfuga Kenya lazima uwe na kibali cha KWS.