Faili za malipo hazifiki ofisini usiku? Anza na hiyo Z:

Umepanga kompyuta ya kaunta itume faili za malipo kwa ile ya ofisini kila usiku. Ukiendesha skripti mwenyewe, inakubali. Usiku, wapi! Usingoje ya kaunta iibiwe ndio ugundue folda ni tupu.

Kwenye Windows, tunashuku kwanza ile Z: uliyoipa folda ya ofisini. Herufi hiyo ni ya pale ulipoingia na akaunti yako. Kazi inayojiendesha bila wewe kuingia kwa kawaida haiioni. Andika njia kamili, mfano \\OFISI\Malipo, na akaunti inayoendesha kazi ipewe ruhusa ya kuandika humo.

Unatumia robocopy? Jibu 1 lisikutishe: faili zimefika. Kuanzia 8 ndio kuna shida. Na kompyuta iliyolala, jamani, hainakili kitu.