Moshi Ndani ya Ndege: Dakika Chache Mikononi mwa Wahudumu

Moshi unapozuka ndani ya ndege iliyo angani, adui mkubwa wa wahudumu ni muda, kwa kuwa moto uliojificha nyuma ya kuta, darini au chini ya sakafu unaweza kuifanya ndege isiongozeke katika dakika 15 hadi 20 tu tangu dalili yake ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndege ya Swissair, safari namba 111, iliyoanguka baharini karibu na Halifax, Kanada, usiku wa tarehe 2 Septemba 1998, dakika 21 hivi baada ya marubani kusikia harufu ngeni katika chumba chao. Watu wote 229 waliokuwamo walifariki. Hesabu hiyo ya dakika inamhusu pia abiria wa Kinindo, mtaa wa kusini mwa Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, anayevuka jiji kwenda kupanda ndege katika Uwanja wa Melchior Ndadaye. Akielekea Kigali hana safari ndefu, lakini akielekea Dar es Salaam atapita juu ya magharibi mwa Tanzania, ambako viwanja viko mbalimbali, na rubani wake hana budi kujua kila wakati, hata mambo yakiwa shwari, kama aelekee Kigoma, Tabora, Mwanza au Dodoma, na kama barabara ya kutulia huko inaitosha ndege yake.

Mhudumu anayegundua moshi hafanyi kazi peke yake. Yeye huchukua mtungi wa kuzimia moto ulio karibu na kuanza kupambana, wa pili huwaarifu marubani kwa simu ya ndani, na wa tatu huleta mitungi zaidi na kuwahamisha abiria walio karibu. Taarifa kwa rubani haiishii kwenye neno “moshi”, kwa maana rubani anataka kujua umetokea wapi, una rangi gani, ni mzito kiasi gani na unanuka nini: plastiki iliyoungua huashiria nyaya za umeme, ilhali harufu inayofanana na soksi chafu mara nyingi huashiria mafuta ya injini yaliyopenya katika mfumo wa hewa. Kama moshi unatoka chooni, mhudumu huupapasa mlango kwa mgongo wa kiganja, ambao huhisi joto upesi, kisha huufungua kidogo tu, hupuliza haloni, yaani gesi inayozima moto bila kulowesha vyombo vya umeme, na kuufunga tena. Kabla ya kukaribia moshi huvaa kofia maalumu inayofunika kichwa chote na kumpa hewa safi kwa dakika 15 hivi.

Abiria wengi hushangaa kwamba barakoa za oksijeni zilizo juu ya viti haziangushwi wakati huo. Barakoa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya upungufu wa hewa katika kimo kirefu, nazo huchanganya oksijeni na hewa ya kabini, kwa hiyo mvaaji angevuta moshi uleule, na oksijeni ya ziada ingeweza kuuchochea moto. Abiria huelekezwa kuinama na kuziba pua na mdomo kwa kitambaa, ikiwezekana kilicholoweshwa. Barakoa za marubani ni za namna nyingine, kwani hutoa oksijeni tupu na huambatana na miwani ya kukinga macho.

Si kila moshi ni moto. Februari 2024 ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220 iliyokuwa ikielekea Mbeya ilipata moshi ndani ya kabini, ikarejea Dar es Salaam na kutua salama. Kurudi mapema namna hiyo huwaudhi abiria wenye haraka, lakini rubani anayengoja ahakikishe kwanza chanzo cha moshi anacheza na roho za watu. Hata kutua peke yake hakutoshi: tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya Saudia, safari namba 163, ilirudi Riyadh ikiwa na moto katika shehena na ikatua vizuri, lakini badala ya kusimama papo hapo na kuwashusha abiria iliendelea kutembea uwanjani, injini zikabaki zikiunguruma, na milango ilipofunguliwa kutoka nje watu wote 301 walikuwa wamekwisha kufa.

Siku hizi hofu kubwa ni betri za litiamu, ambazo seli moja ikipata joto kupita kiasi huwasha ya jirani. Tarehe 12 Julai 2013 betri ndogo ya kifaa cha kutoa ishara za dharura iliunguza sehemu ya juu karibu na mkia wa ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 787 iliyokuwa imeegeshwa Heathrow, London, bila mtu ndani. Kwa betri, haloni huzima ndimi za moto tu. Joto hubaki, na wahudumu hulazimika kumwaga maji mengi au kinywaji chochote kisicho na kileo mpaka kifaa kipoe.

Bujumbura, ambako umeme wa Regideso, shirika la maji na umeme la Burundi, hukatika mara kwa mara, ni wachache wanaosafiri bila pawabenki. Kifaa hicho hakiruhusiwi katika mzigo unaopelekwa chini, bali hubebwa mkononi, na kisizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika. Chenye miliampea-saa 20,000 kina takriban wati-saa 74. Simu ikidondokea kwenye upenyo wa kiti, abiria hapaswi kukisogeza kiti akiitafuta, kwa sababu vyuma vya kiti vinaweza kuiponda betri. Amwite mhudumu, ambaye amefunzwa kuitoa.